Safari ya Northwich kukagua gari jekundu la binti yangu

Nilikuwa na siku nne tu Coventry, bado sijaizoea baridi ya Machi, binti yangu aliponiwekea simu mkononi na kuniambia, “Baba, hebu liangalie hili.”

Nikaangalia. Lilikuwa gari dogo jekundu, la viti viwili, paa lake la kitambaa cheusi limekunjwa nyuma. Linang’aa kama pipi. Mazda MX-5 ya mwaka 2004, pauni 2,300. Mwenye nalo anakaa Northwich, mji wa Cheshire, kilomita kama 150 kutoka hapo.

Mzazi mwenzangu, nadhani unajua nilichotaka kusema. Viti viwili vya nini? Mizigo utaweka wapi? Kwa nini usinunue gari la watu wazima? Lakini binti huyu ni muuguzi wa miaka 27. Anafanya zamu za usiku, anajilipia kodi, na hajawahi kukosa mwezi bila kumkumbuka mama yake. Nikameza maneno. Nikauliza swali moja tu: “Chini yake pakoje?”

Akacheka. “Ndiyo maana nimekuonyesha wewe, si mama.”

Mimi ni mtu wa Tanga. Nimekulia karibu na mashamba ya chumvi, nimeshika spana tangu kijana, na kwa miaka 30 nimetengeneza magari ambayo upepo wa bahari umeyala kabla ya injini kuchoka. Kutu naijua. Ila sikujua kwamba safari ya kwenda kukagua gari la binti yangu ingenifikisha kwenye mji uliojengwa juu ya chumvi, na kwenye jambo langu la zamani ambalo sikuwahi kumwambia mtoto wangu hata mmoja.

Historia ya gari kiganjani

Usiku huo binti yangu alinionyesha kitu ambacho laiti tungekuwa nacho kwetu. Aliandika namba ya gari kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, na hapo hapo tukaona matokeo ya kila ukaguzi wa gari lile tangu mwaka 2007. Bure, bila kumwomba mtu ruhusa.

Ukaguzi huo wanauita MOT. Herufi hizo zimetokana na jina la iliyokuwa Wizara ya Uchukuzi ya huko. Ulianza mwaka 1960, na wakati ule ulihusu magari ya zaidi ya miaka 10, tena breki, taa na usukani tu. Mwaka 1967 umri ukashushwa hadi miaka mitatu. Leo gari la kawaida likitimiza miaka mitatu linakaguliwa, kisha kila mwaka, na ada ya juu kabisa kwa gari dogo ni pauni 54.85.

Tangu Mei 2018 kasoro zimegawanywa kwa uzito. Kuna kasoro ya hatari: gari halitoki hapo kwa kuendeshwa. Kuna kasoro kubwa: gari limefeli, litengenezwe. Kuna kasoro ndogo: limefaulu, lakini lirekebishwe mapema. Na kuna tahadhari, yaani mkaguzi anakuambia, “Hili halijawa tatizo, lakini linakuja.”

Binti yangu alikimbilia kuangalia mwaka wa karibuni. Limefaulu. Akatabasamu.

Nikamwambia, “Mwanangu, usisome jibu la mwisho. Soma kuanzia mwanzo, kama unavyosoma faili la mgonjwa.”

Tukaanza upya. Miaka saba ya kwanza ilikuwa safi. Mwaka 2014 tahadhari: kutu kidogo nyuma. Mwaka 2016 tena. Mwaka 2017 tena. Mwaka 2018 limefeli kwa breki ya mkono, likarekebishwa. Mwaka 2021 limefeli kwa chuma kilichooza upande wa kulia, chini ya mlango. Siku iliyofuata limefaulu. Miaka iliyofuata, tahadhari moja inayojirudia: chini ya gari kumepakwa dawa nzito nyeusi.

Hapo nikanyanyua kichwa. Dawa hiyo ni nzuri ikipakwa juu ya chuma kizima, kwa sababu inazuia maji. Ikipakwa juu ya chuma kilichooza, inazuia macho.

Na ile siku moja kati ya kufeli na kufaulu ilinisumbua. Kuchomelea chuma vizuri si kazi ya kulala na kuamka.

“Kwa hiyo tusiende?” akaniuliza.

“Twende. Karatasi imetuambia pa kuangalia. Haijatuambia tutaona nini.”

Akampigia mwenye gari. Akamwomba jambo ambalo mimi nisingethubutu: kama angekubali gari lifanyiwe ukaguzi mpya siku hiyo ya Jumamosi, kwa gharama yetu, kwenye gereji ya mji wake. Kule gari linaweza kupelekwa MOT wakati wowote, hata kama cheti cha zamani hakijaisha. Mzee yule alinyamaza kidogo, kisha akasema sawa.

Njia ya M6

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Umelala?”

“Saa tatu zinatosha.”

Alikuwa ametoka zamu. Nikamwambia basi tuahirishe, akakataa. Akalala saa mbili zaidi kwa amri yangu, kisha tukaondoka na gari alilokodi kwa siku moja, chupa ya chai ya tangawizi katikati yetu na vitumbua vya jana kwenye mfuko.

Coventry ni mji uliozaa viwanda vingi vya magari vya Uingereza, na barabara ya M6 inaanza karibu yake kuelekea kaskazini. Tulipita pembeni ya Birmingham, tukapita Stafford, tukapita Stoke-on-Trent, mji wa vyombo vya udongo. Malori mengi, mvua nyembamba, kondoo kwenye vilima. Kandokando ya barabara ndogo niliona masanduku ya manjano. Nikauliza ni ya nini.

“Chumvi, baba. Barafu ikishika barabarani watu wanamwaga.”

Nilikuwa nimesikia, lakini kuona ni kitu kingine. Kwetu chumvi inakuja na upepo wa bahari. Kule malori ya serikali yanaimwaga barabarani usiku wa baridi ili magari yasiteleze. Inaokoa maisha, sina ubishi. Lakini ikichanganyika na maji inarushwa na matairi, inaingia kila tundu la bodi, na inakaa humo mpaka masika. Gari la Manchester ambalo halijawahi kuiona bahari linaweza kuwa na kutu kuliko gari la Pangani.

Tulipokaribia Cheshire, binti yangu akaniuliza swali la kawaida tu. “Baba, hivi wewe uliwahi kuuza gari lako?”

Nikanyamaza. Kisha nikamwambia.

Mwaka 1996 nilikuwa na pikapu. Sakafu ya upande wa abiria ilikuwa imekwisha kwa kutu. Sikuwa na fedha ya kuweka bati jipya, na nilikuwa na haraka, maana mama yao alikuwa mjamzito wa yeye mwenyewe huyu binti. Nikaweka kipande cha bati jembamba, nikapiga puti, nikapaka rangi nyeusi, nikatandika zulia. Nikamuuzia mwalimu mmoja wa Muheza. Aliniuliza kama kuna ugonjwa wowote ninaoujua. Nikasema injini ni nzima. Na kweli ilikuwa nzima.

Masika yalipoingia, mwalimu yule alirudi kwa basi. Hakupiga kelele. Alisema siku ile alikuwa anampeleka mtoto shule, sakafu ikaachia miguuni kwa mtoto, mkoba wa shule ukadondoka barabarani. Mtoto hakuumia. Akaniuliza neno moja tu: “Ulijua?”

Nikamjibu, “Mwalimu, gari la mkononi ni bahati.”

Akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Sijamwona tena.

Binti yangu hakusema kitu kwa kilomita nyingi. Waipa zinapiga, kulia, kushoto. Mwisho akasema, “Basi leo utaangalia vizuri.”

Mji ulioketi juu ya chumvi

Kama unapenda kujua mahali, Northwich ni mji wa kustaajabisha. Eneo lile lote, pamoja na Middlewich na Nantwich, limeishi kwa chumvi tangu enzi za Warumi. Chini yake kuna tabaka la chumvi la tangu zaidi ya miaka milioni 200, mabaki ya bahari iliyokauka.

Karne ya 19 watu walichimba na kusukuma maji ya chumvi kutoka chini kwa pupa, mpaka ardhi ikaanza kubonyea. Nyumba zikapinda, mitaa ikadidimia, maduka yakazama. Wenyeji wakatafuta akili: wakajenga upya kwa fremu za mbao, ili nyumba ikianza kuzama ipigwe jeki na kuinuliwa. Ndiyo maana katikati ya mji utaona majengo meupe yenye mbao nyeusi yanayofanana na ya kale sana, kumbe mengi ni ya miaka ya 1800 na mwanzoni mwa 1900.

Nilicheka peke yangu. Mji mzima umejengwa na watu waliokubali kwamba chini kumeoza, wakatengeneza namna ya kuishi nako. Hawakupaka rangi nyeusi wakanyamaza.

Kijiji cha jirani, Marston, kina kiwanda cha zamani kinachoitwa Lion Salt Works, walikochemsha maji ya chumvi kwenye sufuria kubwa za chuma hadi mwaka 1986. Leo ni makumbusho. Na Winsford, kilomita chache kutoka hapo, kuna mgodi uliofunguliwa mwaka 1844 ambao hadi leo unatoa chumvi ya mawe kwa ajili ya barabara za Uingereza. Sehemu ya mahandaki yake, mita 150 chini ya ardhi, imegeuzwa ghala la kutunzia nyaraka, kwa sababu huko ni kukavu na hewa haibadiliki. Chumvi ile ile inayokula magari juu inalinda karatasi chini.

Gari lenyewe

Mwenye gari alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 70, ana koti la sufi na faili la risiti mkononi. Alitupokea vizuri, akatukaribisha chai, akatuonyesha risiti moja baada ya nyingine. Alilinunua miaka mitatu iliyopita, baada ya kustaafu. Jumapili jua likitoka hupanda na mjukuu wake.

Niseme ukweli, gari lilikuwa zuri. Aina hii ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989, na Wajapani waliiunda kwa kufuata magari madogo ya wazi ya Waingereza, ila bila mafuta kuvuja kila mahali. Mwaka 2016 la milioni moja lilitoka kiwandani Hiroshima. Injini yake ni ngumu. Ukiona MX-5 imekufa Uingereza, mara nyingi haikuuawa na injini. Imeuawa na bodi.

Na sababu yake ni rahisi, hata asiye fundi ataielewa. Mvua ikinyesha, maji yanateremka kwenye paa la kitambaa, yanaingia kwenye mfereji mdogo nyuma ya viti, yanapita kwenye matundu mawili, moja kila upande, na kutokea chini karibu na matairi ya nyuma. Matundu yale yakizibwa na majani na vumbi, maji hayana pa kwenda. Yanakaa ndani ya ule ukingo wa chuma ulio chini ya mlango. Yanauozesha kutoka ndani kwenda nje. Ukiona lengelenge la rangi nje, ujue ndani kazi imekwisha zamani.

Toleo hili la mwaka 1998 hadi 2005 lina ugonjwa wa pili: vyuma vya chesisi vya mbele vina tabaka mbili, maji yanaingia katikati na hayatoki. Mengine ni ya kawaida: breki za nyuma kuganda na kuifanya breki ya mkono ishike upande mmoja, springi kukatika, silinda ndogo ya klachi kuvuja, paa kuchanika kwenye mikunjo.

Nilipiga magoti kwenye zege na tochi. Nikapitisha sumaku ndogo niliyoifunga kwenye kitambaa isikwaruze. Upande wa kulia ilishika. Upande wa kushoto, kabla ya tairi la nyuma, ilidondoka.

Mzee aliiona ikidondoka. Akaniuliza kwa Kiingereza cha taratibu, maana yake ni nini. Binti yangu akamjibu kabla yangu: “Maana yake hapa si chuma. Lakini tusubiri mkaguzi.”

Nyuma ya kioo

Gereji zenye ruhusa ya MOT zina alama ya bluu yenye pembetatu tatu nyeupe, na sheria inataka kuwe na mahali pa mteja kutazama. Tukakaa watatu kwenye benchi nyuma ya kioo, kama ndugu wa mgonjwa.

Mkaguzi alianza na taa, honi, waipa na mikanda. Akapima matairi, kule kina cha mistari kikipungua milimita 1.6 umefeli, na ukikamatwa barabarani faini inaweza kufika pauni 2,500. Akapeleka gari kwenye mashine ya breki. Akapima moshi. Kisha akalinyanyua juu, akawasha taa, akaanza kugonga taratibu na kifaa chake.

Ti, ti, ti. Kisha: tu.

Sauti ile naijua. Akagonga tena palepale. Dawa nyeusi ikabanduka kipande, na kutu ikamwagika sakafuni kama ungwa wa muhogo mkavu.

Ilichukua kama saa moja. Karatasi ilipotoka ilisema hivi. Kasoro kubwa: chuma kimeoza upande wa kushoto nyuma, karibu na mahali mkanda wa abiria unaposhikiliwa. Kasoro kubwa: breki ya mkono haishiki sawa. Kasoro kubwa: springi ya mbele imekatika. Tahadhari: matairi mawili yanakaribia kwisha, na upande wa kulia kiraka cha zamani kinaanza kutu tena.

Kuhusu chuma, sheria yao ni nzuri kuijua. Kutu juu ya mlango au kwenye buti inaweza isiwe sababu ya kufelisha gari. Lakini kutu ikidhoofisha chuma ndani ya sentimita 30 kutoka mahali panaposhika mkanda, springi au usukani, hapo ni kufeli. Kwa maneno mengine, kutu ya sura inavumiliwa. Ya mifupa haivumiliwi.

Mzee alisoma karatasi mara mbili. Akasema atapunguza pauni 1,000.

Nikamwona binti yangu anapiga hesabu. Kuchomelea, springi, breki: mkaguzi alikadiria kama pauni 900. Lilikuwa jambo la kushawishi. Akanigeukia, akisubiri baba aseme ndiyo au hapana.

Sikusema. Nilimwomba mkaguzi atuonyeshe pale alipogonga. Binti yangu akasimama chini ya gari, akaingiza kidole kwenye tundu, kikaingia hadi pingili ya pili. Akatazama juu, akafuata chuma kwa macho hadi mkanda unapofungwa.

“Baba,” akasema kwa Kiswahili, “hapa ungekaa wewe.”

Akamgeukia mzee, akamshukuru kwa adabu, akamwambia halichukui.

Mzee hakukasirika. Alitazama kiti cha kushoto muda mrefu. Akasema, “Mjukuu wangu hukaa hapo.” Kisha akamkabidhi mkaguzi ufunguo na kumwambia gari libaki hapo mpaka litengenezwe, hata kama halitauzwa.

Tulimrudisha kwake. Aliposhuka, alinishika mkono akasema ni afadhali amejua leo. Nikaitikia tu. Nilikuwa namfikiria mwalimu wa Muheza akirudi kwa basi.

Kwa mzazi mwenye kijana anayetaka gari

Usiseme hapana kabla ya kuona. Ukisema hapana ya kwanza, gari la pili atalinunua bila kukuambia. Nenda naye, chafua magoti.

Soma historia yote. Kasoro moja inayojirudia miaka mitatu ina maana kuliko cheti kimoja cha kufaulu. Angalia pia kama kilomita au maili zinapanda kila mwaka. Zikishuka, dashibodi imechezewa.

Jua kipi ukaguzi haukagui. MOT haipimi afya ya injini, klachi wala giaboksi, na mkaguzi hafungui kitu. Tena inaeleza hali ya siku ile tu. Kesho tairi linaweza kupasuka.

Uliza kama gari liliwahi kuandikwa limeharibika kwenye ajali. Uingereza, tangu Oktoba 2017, herufi S maana yake mifupa iliguswa, na N maana yake haikuguswa. Uliza pia kama gari lina deni.

Kwa sisi tunaoagiza Japani, omba karatasi ya mnada. Ina mchoro wa gari wenye herufi: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, S ni kutu, C ni kutu iliyokula chuma. Daraja la R ni gari lililotengenezwa baada ya ajali. Na kama gari linatoka Uingereza kwenda Mombasa au Dar es Salaam, namba yake ya zamani inatosha kusoma historia ya MOT ukiwa sebuleni kwako. Muuzaji akikataa kukupa namba hiyo, amekujibu.

Na kwa mwenye mtoto mchanga: gari la viti viwili si lake kwa sasa. Kiti cha mtoto kinachotazama nyuma hakiwekwi mbele ya mfuko wa hewa ambao haujazimwa. Gari zuri litasubiri, mtoto akue.

Kabla ya picha

Nimerudi Tanga. Wiki tatu baadaye nilipata ujumbe usiku. Haukuwa na picha. Ulikuwa orodha ndefu ya matokeo ya ukaguzi, mwaka kwa mwaka, ya MX-5 nyingine ya mwaka 2007. Chini ameandika: “Baba, soma kwanza. Picha nitakutumia ukisema tuendelee.”

Nilivaa miwani, nikasoma kuanzia mwanzo. Tahadhari moja ya matairi, moja ya breki, zote zilirekebishwa kabla ya ukaguzi uliofuata. Chini hakuna dawa nyeusi. Nikamwambia aende na tochi, akague matundu ya maji nyuma ya viti, asisahau sumaku. Alilinunua. Ni la bluu.

Jumamosi iliyopita nilipanda basi hadi Muheza. Mwalimu alishahama siku nyingi, lakini nilimpata kijana wake, yule yule wa mkoba, sasa baba wa watoto wawili. Ana duka la vifaa vya shule. Nilipomwambia mimi ni nani, alicheka na kusema anaukumbuka mkoba, ulikuwa mpya. Nikamwambia kwamba nilijua. Hakucheka tena. Akanipa namba ya baba yake.

Makala haya yakitoka, nitakuwa nimempigia.